Ubonyeze shilingi au euro? Safari ya hela yako kadi inapovuka mpaka

Mwaka jana, mwezi wa kumi, iliingia picha kwenye WhatsApp yangu. Ilikuwa ya skrini ya ATM, imepigwa haraka haraka na haikutulia vizuri. Mdogo wangu alikuwa na siku tatu tu Leipzig, Ujerumani, alikokwenda kusoma shahada ya uzamili. Mashine ilikuwa inamuuliza kama anataka akatwe kwa euro au kwa shilingi za Tanzania. Chini ya picha ameandika: "Kaka, nibonyeze ipi? Kuna watu nyuma yangu."

Mimi nilikuwa maabara, simu iko kwenye begi. Nilipokuja kuiona, zilishapita dakika ishirini na yeye alishabonyeza shilingi. Na nani asingebonyeza? Shilingi ndiyo unayoijua. Unaona kabisa utakatwa kiasi gani, hakuna kubahatisha. Alitoa euro 200. Jioni tulipokaa kwenye simu kupiga hesabu, tukakuta akaunti yake imepungua kwa karibu asilimia 13 zaidi ya thamani halisi ya hizo euro 200.

Hela yenyewe haikuwa ya mtu mmoja. Kuna sehemu ya kiinua mgongo cha baba, kuna mchango wa shangazi, kuna mkopo wangu mimi. Kwa hiyo asilimia 13 pale nyumbani haikuwa namba tu, ilikuwa na jina la mtu aliyeitoa.

Makala hii ni kwa ajili yako unayejiandaa kwenda kusoma au kufanya kazi nje, au mwenye ndugu anayekwenda. Nitatumia mfano wa Tanzania na Ujerumani kwa sababu ndio ninaoufahamu kwa karibu, lakini utaratibu wake ni uleule ukitoka Nairobi kwenda Toronto. Tutaangalia nini hasa hutokea kadi ikichomekwa, kwa nini akaunti ya dola si lazima ikuokoe, na hela inakatikia wapi njiani.

Kwanza, kiwango halisi ni kipi?

Ukiingia duka la kubadilisha fedha utaona bei mbili kwa kila sarafu: bei wanayonunua na bei wanayouza. Tuseme ubaoni imeandikwa wananunua euro kwa shilingi 2,940 na kuuza kwa 3,060. Katikati ya hizo mbili ni 3,000. Hiyo ndiyo tunaiita kiwango cha kati, na ndicho kipimo chetu. Benki Kuu ya Tanzania hutangaza viwango vya shilingi kila siku ya kazi, na kwenye jedwali lake kuna safu ya wastani. Anzia hapo.

Sasa ukinunua euro moja kwa 3,060 umelipa shilingi 60 juu ya kiwango cha kati, yaani asilimia 2. Hata kama ukutani wameandika kwa herufi kubwa kwamba hawatozi ada, asilimia 2 umeshaitoa. Imefichwa ndani ya bei. Hili ndilo jambo la kwanza la kushika: gharama ya kubadilisha fedha ina sehemu mbili, ada inayotajwa na pengo la bei lisilotajwa. Anayekuambia "hakuna ada" amekujibu nusu ya swali.

Namba zote za viwango nitakazotumia kuanzia hapa ni za mfano, nimezichagua ziwe rahisi kuzidisha: euro moja ni shilingi 3,000 na dola moja ni shilingi 2,500. Wewe weka za siku yako, mahesabu hayabadiliki.

Mashine ilijuaje kwamba yeye ni Mtanzania?

Mdogo wangu aliniuliza hivyo, na ni swali zuri. Haikumjua yeye, iliijua kadi. Tarakimu 6 au 8 za mwanzo kwenye namba ya kadi hutambulisha taasisi iliyoitoa. Mashine ikishazisoma, inaangalia kwenye orodha yake na kuona: hii ni benki ya Tanzania, kadi ya shilingi. Papo hapo inatengeneza ofa: "Unataka nikuhesabie kwa shilingi?"

Kila sarafu duniani ina herufi tatu na tarakimu tatu zilizopangwa kimataifa. Euro ni EUR na 978, shilingi ya Tanzania ni TZS na 834, shilingi ya Kenya ni KES na 404, dola ya Marekani ni USD na 840. Ujumbe unaotoka kwenye ATM kwenda benki yako hubeba kiasi cha fedha pamoja na hiyo namba ya sarafu.

Ukibonyeza euro, ujumbe unaondoka ukisema "200, 978". Unapita kwenye mtandao wa kadi, Visa au Mastercard, nao ndio wanaobadilisha euro kuwa sarafu ya akaunti yako kwa kiwango chao cha siku. Viwango hivyo wanavitangaza kwenye tovuti zao na kwa kawaida haviko mbali sana na kiwango cha kati. Benki yako inaongeza ada yake ya muamala wa nje, basi.

Ukibonyeza shilingi, ujumbe unaondoka ukiwa umeshageuzwa: "660,000, 834". Aliyezidisha ni mwenye mashine na mshirika wake, kwa kiwango walichojipangia wenyewe. Mtandao wa kadi hauna tena cha kubadilisha. Na mara nyingi benki yako bado inakata ada yake, kwa sababu muamala umefanyika nje ya nchi, hata kama umekuja kwa shilingi. Hapo ndipo tulipopigwa: asilimia 10 ya mwenye mashine, kisha asilimia 3 ya benki juu yake. 1.10 mara 1.03 ni 1.133. Ndiyo ile 13 yetu.

Kwa hiyo swali la skrini haliulizi unapenda sarafu gani. Linauliza nani azidishe. Jibu, karibu mara zote, ni sarafu ya nchi uliyopo. Ukiwa Ujerumani bonyeza euro, ukiwa Uingereza bonyeza pauni, ukiwa Dubai bonyeza dirhamu. Hata mhudumu wa duka akikubonyezea shilingi "kukusaidia", una haki ya kumwambia afute aanze upya kabla hujaidhinisha.

Si siri wala si wizi. Ni biashara halali, na Umoja wa Ulaya umeitungia kanuni mwaka 2019 inayotaka gharama hiyo ioneshwe kwa asilimia kulinganisha na kiwango cha Benki Kuu ya Ulaya kwa sarafu zake. Shilingi yetu haimo kwenye orodha ya viwango vya benki hiyo, kwa hiyo usitegemee kulindwa na skrini. Jilinde kwa kujua.

Njia tano, euro 100

Sasa tuweke njia zote mezani. Unataka kulipa euro 100 dukani Leipzig. Thamani kwa kiwango cha kati ni shilingi 300,000. Tuchukulie mtandao wa kadi uko juu ya kiwango cha kati kwa asilimia 0.5, benki ya nyumbani inatoza asilimia 3 kwa muamala wa nje, na benki hiyo inauza fedha za kigeni kwa asilimia 2 juu ya kiwango cha kati.

Njia ya kwanza: kadi ya akaunti ya shilingi, ukachagua euro. Mtandao unakuhesabia 301,500, benki inaongeza asilimia 3. Jumla 310,545.

Njia ya pili: kadi ileile, ukachagua shilingi kwenye mashine inayojiongezea asilimia 10. Ni 330,000, na benki inaongeza 3. Jumla 339,900.

Njia ya tatu: akaunti ya dola uliyoifungua Dar. Hapa watu wengi wanadhani wamemaliza kazi, maana "dola inakubalika kila mahali". Ngoja tuhesabu. Umenunua dola kwa 2,550. Euro 100 ni dola 120. Mtandao unabadilisha euro kuwa dola: 120.60. Benki inaongeza asilimia 3: dola 124.22. Zidisha kwa 2,550. Jumla kama 316,750.

Umeona? Akaunti ya dola imekuwa ghali kuliko ya shilingi. Sababu ni kwamba umebadilisha mara mbili, shilingi kwenda dola, halafu dola kwenda euro, na kila mlangoni umelipa kiingilio. Akaunti ya dola ina maana kama unalipwa kwa dola au unakwenda kutumia dola. Ukiwa na mshahara wa shilingi na matumizi ya euro, dola ni kituo cha katikati ambacho hukuhitaji kushuka.

Njia ya nne: akaunti ya euro hapohapo nyumbani, yenye kadi inayohesabu kwa euro. Umenunua euro 100 kwa 3,060 kila moja. Muamala wa dukani ni euro kwa euro, hakuna kubadilisha. Jumla 306,000. Nzuri, ila ina mtego wake: kuwa na akaunti ya euro si sawa na kuwa na kadi ya euro. Benki nyingine hukupa akaunti ya fedha za kigeni, lakini kadi unayopewa inahesabu kwa sarafu nyingine. Usiulize tu "mna akaunti ya euro?" Uliza "kadi yake inakata kwa sarafu gani, na mna ada ya muamala wa nje hata pale sarafu zinapofanana?" Mwambie afisa aandike jibu au akuoneshe kwenye orodha ya ada.

Njia ya tano: akaunti ya hukohuko Ujerumani. Ukishakuwa nayo, kulipa dukani hakuna makato ya kubadilisha. Gharama iko kwenye kuifikishia hela. Tuseme umenunua euro kwa 3,060 na gharama zote za kutuma ni shilingi 120,000. Ukituma euro 1,000, kila euro 100 inabeba 12,000 ya usafiri, jumla 318,000. Ukituma euro 10,000 kwa mara moja, kila 100 inabeba 1,200 tu, jumla 307,200. Njia ileile, benki ileile, ila ukubwa wa mzigo umebadili kila kitu.

Pengo kati ya njia ya kwanza na ya pili ni kitufe kimoja tu. Mwanafunzi anayetumia euro 992 kwa mwezi akibonyeza vibaya kila mara anapoteza zaidi ya shilingi 290,000 kwa mwezi mmoja. Wapo watakaoilipia kodi ya chumba hiyo.

Ada isiyobadilika na ada inayokua

Njia ya tano imetuonesha jambo ambalo wanafunzi wa hisabati watalitambua mara moja. Ada ziko za aina mbili. Kuna ya asilimia, inayokua pamoja na kiasi. Kuna isiyobadilika, ambayo ni ileile utoe kidogo utoe kingi. Ukiigawa ada isiyobadilika kwa kiasi unachotoa, unapata mkunjo unaoanzia juu sana na kushuka kwa kasi.

Chukua benki inayotoza shilingi 15,000 kila unapotumia ATM ya nje, pamoja na asilimia 3. Ukitoa euro 20, yaani 60,000, unalipa 15,000 na 1,800. Jumla 16,800, sawa na asilimia 28! Ukitoa euro 200, yaani 600,000, unalipa 15,000 na 18,000. Jumla 33,000, sawa na asilimia 5.5.

Ndiyo maana tabia yetu ya nyumbani ya kutoa kidogo kidogo ili "isiishe haraka" inaumiza ukiwa nje. Toa mara chache, toa kiasi kinachokutosha, kisha weka sehemu salama. Na penye uwezekano wa kulipa kwa kadi moja kwa moja, lipa kwa kadi, maana ada isiyobadilika mara nyingi iko kwenye ATM na si kwenye manunuzi. Tahadhari moja kuhusu Ujerumani: bado kuna migahawa na maduka madogo yanayopokea taslimu tu, au kadi za mfumo wao wa ndani tu. Kadi yako ya Visa inaweza kukataliwa ikiwa nzima kabisa na ina hela. Usikose noti chache mfukoni.

Euro 23 zilizopotea njiani

Sasa nirudi nyuma kabla ya ile ATM, kwenye kosa langu mwenyewe.

Mwanafunzi kutoka Tanzania anayeomba viza ya Ujerumani anatakiwa kuonesha ana uwezo wa kujikimu. Kama hana ufadhili, njia ya kawaida ni akaunti iliyofungwa: unaweka fedha ya mwaka mzima, halafu ukifika unafunguliwa kiasi maalumu kila mwezi. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 992 kwa mwezi, sawa na 11,904 kwa mwaka. Kwa kiwango chetu cha mfano hiyo ni shilingi 35,712,000. Kila asilimia moja inayopotea ni 357,120. Ndiyo maana nasema hapa si mahali pa kukisia.

Mimi ndiye niliyekwenda benki na mzee kutuma. Nilijaza fomu kwa kujiamini, msomi wa familia. Kwenye fomu kulikuwa na visanduku vitatu: OUR, SHA, BEN. Afisa akaniuliza, nikasema weka SHA, kwa sababu ilikuwa ndiyo nafuu pale dirishani. Siku nne baadaye fedha ikafika ikiwa pungufu ya euro 23. Waliokuwa wanaendesha akaunti iliyofungwa wakasema cheti hakitoki mpaka kiasi kitimie. Miadi ya ubalozi ilikuwa baada ya siku tisa. Na kutuma tena euro 23 kwa njia ileile kulikuwa kunagharimu zaidi ya hizo euro 23 zenyewe.

Zilikwenda wapi? Watu hudhani SWIFT ni bomba linalopitisha fedha. Hapana. SWIFT, ulioanzishwa mwaka 1973 na wenye makao makuu Ubelgiji, ni mtandao wa ujumbe. Fedha yenyewe haisafiri, kinachobadilika ni madeni kwenye vitabu vya benki. Ni kama wewe uko Mbeya unataka kumpa mtu debe la mahindi Mwanza. Hubebi debe. Unampigia mwenye duka wa Mwanza unayedaiana naye: "Mpe huyo debe moja, tutakatana kwenye hesabu yetu." Tatizo ni pale ambapo humfahamu mwenye duka yeyote Mwanza. Unamtumia rafiki wa Dodoma anayemfahamu. Na rafiki wa Dodoma hafanyi bure, anachota kibaba chake.

Benki yako ikiwa haina akaunti kwenye benki ya mpokeaji, ujumbe unapitia benki moja au mbili za katikati. Vile visanduku vitatu vinaamua kibaba kinachotwa wapi. OUR maana yake mtumaji analipa gharama zote, na kwa kawaida kiasi kinafika kamili. SHA maana yake mnagawana: wewe unalipa benki yako, waliobaki wanachota kwenye mzigo wenyewe. BEN maana yake kila kitu kinakatwa kwa mpokeaji. Kwa malipo yanayotakiwa yafike kamili, kama ada ya chuo au akaunti iliyofungwa, chagua OUR, au tuma SHA ukiwa umeongeza cha kufidia. Tuliokolewa na rafiki aliyekuwa anaishi Ujerumani, akatuma zile euro 23 kutoka akaunti yake ya kule na zikafika siku hiyohiyo. Ndani ya Ulaya ni rahisi hivyo. Sisi tulikuwa tunaingilia mlango wa nje.

Jambo moja zuri nililojifunza siku hiyo ni kuhusu namba ya akaunti ya Ulaya, IBAN. Ya Ujerumani ina vibambo 22 na inaanza na DE. Tarakimu mbili zinazofuata hizo herufi ni za ukaguzi. Kompyuta huchukua vibambo vinne vya mwanzo, ikavipeleka mwisho, ikageuza kila herufi kuwa namba (A ni 10, B ni 11, hadi Z ni 35), kisha ikagawanya namba yote kwa 97. Baki lazima liwe 1. Ukikosea tarakimu moja tu, baki linakuwa jingine na namba inakataliwa. Kwa hiyo usiogope sana kukosea kuandika. Ogopa kunakili vizuri kabisa namba ya mtu asiye sahihi, kwa sababu hesabu ya 97 haijui jina la mtu.

Uweke hela kwa sarafu gani?

Hapa ndipo mijadala ya vijiweni inapopamba moto. Mmoja atakwambia shika dola, shilingi itashuka. Mwingine atakwambia subiri. Mwishoni mwa 2024 shilingi iliimarika ghafla dhidi ya dola, na waliokuwa wamenunua dola wiki chache kabla kwa hofu waliumia. Siwalaumu, hakuna aliyejua.

Kanuni inayotumiwa na makampuni inatufaa na sisi: linganisha sarafu ya akiba na sarafu ya matumizi. Kama utalipa kodi ya nyumba kwa euro kuanzia Oktoba, hiyo fedha ya kodi iwe euro kabla ya Oktoba. Kama utarudi likizo na kutumia shilingi, hiyo iache kwenye shilingi. Hufanyi hivyo ili upate faida. Unafanya ili bei ya sarafu ikipanda au ikishuka, chakula chako kisiguswe. Na kama huna uhakika wa tarehe, nunua kwa vipande, theluthi kwa theluthi. Hutapata bei bora kabisa, lakini hutapata mbaya kabisa.

Ukishafika Ulaya utasikia sana habari za akaunti za sarafu nyingi. Wise, iliyoanzishwa London mwaka 2011 na Waestonia wawili, Taavet Hinrikus na Kristo Käärmann, na Revolut, iliyoanza 2015, ndizo maarufu. Faida yake ni kwamba hubadilisha karibu na kiwango cha kati na ada inaonekana wazi kabla hujakubali. Angalia mambo mawili. La kwanza, soko la fedha za kigeni hufungwa Jumamosi na Jumapili, na baadhi ya programu huongeza makato siku hizo. Badilisha katikati ya wiki. La pili ni ulinzi. Amana kwenye benki yenye leseni ndani ya Umoja wa Ulaya inalindwa hadi euro 100,000 kwa mtu kwa kila benki. Taasisi ya malipo isiyo benki inatakiwa kutenga fedha za wateja mbali na zake, lakini haina bima hiyo ya amana. Zote ni halali, ila si kitu kimoja. Uliza: "Nyie ni benki au taasisi ya malipo?" Nyumbani pia ulinzi upo na una ukomo. Kenya, kwa mfano, amana zinalindwa hadi shilingi za Kenya 500,000 kwa kila mteja kwa benki.

Na kama ukifika utaambiwa huwezi kufungua akaunti ya benki, usikate tamaa mlango wa kwanza. Sheria ya Umoja wa Ulaya inampa kila anayeishi humo kihalali haki ya kupata akaunti ya msingi ya malipo. Ujerumani imeitekeleza tangu 2016. Utahitaji pasipoti, na mara nyingi uthibitisho wa usajili wa makazi.

Wiki tatu za mwanzo

Kati ya kushuka uwanja wa ndege na kupata kadi ya kule kuna kipengele cha wiki kadhaa ambapo kadi ya nyumbani ndiyo kila kitu. Hapo wengi ndipo wanapokwama, na si kwa sababu ya viwango. Kabla ya kupanda ndege:

- Waambie benki unasafiri, lini na wapi, na uhakikishe kadi imefunguliwa kwa matumizi ya nje na mtandaoni.
- Washa huduma ya kutumia laini yako ukiwa nje. Namba ya uthibitisho ya malipo ya mtandaoni hutumwa kwa SMS kwenye laini ya nyumbani. Laini ikizima, kadi inakuwa plastiki.
- Beba kadi mbili za benki tofauti, ikiwezekana moja Visa na nyingine Mastercard, na usiziweke pochi moja.
- Kadi za mtandaoni za kwenye simu, kama ile ya M-Pesa na Visa iliyozinduliwa Kenya mwaka 2022, zinafaa kununua mtandaoni. Usizitegemee kwenye ATM.
- Kumbuka hoteli huzuia kiasi kwenye kadi kama dhamana. Kwenye kadi inayokata akaunti moja kwa moja, hiyo ni hela yako imeshikwa, inaweza kukaa siku kadhaa kabla haijarudi.
- Beba euro taslimu za kutosha wiki mbili. Ukivuka na euro 10,000 au zaidi kuingia Umoja wa Ulaya, sheria inakutaka utoe taarifa forodhani.

Hayo hayahitaji shahada. Yanahitaji asubuhi moja benki na orodha ya maswali mfukoni.

Mdogo wangu sasa ana akaunti yake ya Ujerumani, na ile kadi ya shilingi ameiweka kwa dharura tu. Mwezi uliopita alikwenda Prague na wenzake. Nikapokea picha ya skrini ya ATM nyingine: inauliza koruna au euro. Safari hii hakuna swali chini ya picha. Ameandika tu, "Koruna. Nimeshabonyeza."